Maji Yenye Tope

Bwana asifiwe, wapendwa.

Wiki hii kuna neno limenikosesha usingizi: "Tulisafishe kanisa," yaani tuwaondoe wale wanaoonekana kuwa uchafu kati yetu. Limesemwa kwa nia njema, sina shaka. Lakini kila nikiliombea, moyo unagoma, na mawazo yananipeleka bwawani.

Siku ya tano Mungu aliamuru maji yajawe na viumbe vyenye uhai. Hakuamuru yang'ae. Bwawa lenye afya lina tope na majani yanayooza, na humo bakteria na konokono wanafanya kazi mpaka uozo uwe chakula cha mimea. Mimea nayo hutoa oksijeni mchana, samaki wakapumua. Vyura, viluwiluwi, mdiria anayevizia tawini, sitawamaliza.

Nikae na mmoja tu: mtoto wa kereng'ende. Ana rangi ya tope na sura isiyovutia. Hukaa chini ya maji miezi, aina nyingine hata miaka, akila viluwiluwi vya mbu. Mdomo wake wa chini umekunjwa chini ya uso. Windo likipita, unafyatuka na kulinasa. Wakati wake ukifika, hupanda juu ya tete, ngozi ikapasuka mgongoni, akatoka na mabawa. Sasa, mwenye bidii aliyekuja mapema kukwangua tope lote alimtupa huyo jalalani. Mbu wakabaki wanashangilia.

Ndugu zangu, niseme wazi. Wapo vijana walioacha kuja kwa sababu ya macho yetu. Yupo mama aliyehojiwa habari za ndoa yake mlangoni, hata hajaketi. Katika mfano wa Yesu, mwenye shamba aliwazuia watumwa wake wasing'oe magugu, wasije wakang'oa na ngano. Sisi ruhusa tumeipata wapi? Sisemi dhambi ifugwe. Mbolea ikitiririkia bwawani kupita kiasi, mwani hutanda, kisha hufa na kuoza na kumaliza oksijeni, samaki wakapanda juu kuhema. Penye kukemea tukemee. Lakini aliye bado mchanga katika imani si uchafu! Bwana hajamaliza naye, na wewe hukuokoka ukiwa na mabawa.

Basi yule uliyemkosa ibadani, mpigie leo, usingoje Jumapili. Usianze na mahudhurio. Mjulie hali, uliza watoto waliamkaje, kisha omba naye hapo hapo kwenye simu.