Jirani Mwema wa Mnyanya

Majedwali yanayoeleza mmea upi upandwe kando ya upi yameenea sana, na mengi yaliandikwa kwa ajili ya bustani za nchi za baridi, ambako mkulima huhangaikia jua. Kwetu Likoni, Mombasa, jua halihangaikiwi. Udongo wa ua wangu ni mchanga mtupu, maji huzama kabla mizizi haijayanywa, na Kaskazi ikishavuma tuta lililo wazi hukauka upesi. Ndiyo maana, kabla ya kuiweka mimea miwili pamoja, hujiuliza ni upi utakaoufunikia mwenzake ardhi, na iwapo yote miwili ina adui mmoja.

Kwa kufunika ardhi sijaona mmea unaoishinda kunde. Wakulima wa Kimijikenda huipanda katikati ya mahindi, nayo hutambaa, huzuia magugu, na majani yake huchumwa yakawa mboga hata kabla ya maganda kutoka. Bakteria wanaoishi katika vinundu vya mizizi yake huitwaa naitrojeni ya hewani wakaigeuza kuwa chakula cha mmea. Ukipasua kinundu ukakuta wekundu ndani, jua kwamba kazi inaendelea. Hapa, hata hivyo, watu hutia chumvi. Sehemu kubwa ya naitrojeni hiyo huitumia kunde yenyewe, na mahindi yaliyo pembeni hupata kidogo tu kwa wakati huo, kwa kuwa faida yenyewe huja baada ya mizizi na majani kuoza. Kwa hiyo kunde ikimaliza kuzaa siing'oi, bali huikata usawa wa ardhi, mizizi ikabaki humo humo na majani yakawa matandazo ya zao linalofuata.

Suala la adui mmoja ndilo majedwali hulipita haraka mno. Minyoo fundo, yaani minyoo midogo mno inayoingia mizizini na kuifanya ivimbe mafundo, hustawi katika udongo wa kichanga wenye joto, yaani udongo wetu hasa, nao hushambulia nyanya, biringani, mabenda na hata aina nyingi za kunde, kiasi kwamba tuta lenye mimea hiyo yote, lipendezavyo machoni, huwa ni karamu waliyoandaliwa wao. Mnavu nao ni wa ukoo mmoja na nyanya, biringani na pilipili, na ugonjwa wa mnyauko unaosababishwa na bakteria huweza kuhama kutoka kwa mmoja hadi mwingine. Mimi huutenga mnavu upande wa pili wa ua.

Dhidi ya minyoo hiyo husifiwa tagetesi, maua ya manjano na machungwa ambayo Wahindi hutungia mashada. Sifa hiyo ni ya kweli, kwani mizizi yake hutoa kemikali inayoidhuru minyoo, lakini miche miwili mitatu iliyochomekwa kando ya nyanya haifanyi kazi kubwa. Inafaa yapandwe kwa wingi, yajae tuta zima kwa takriban miezi miwili au zaidi, kisha ndipo nyanya zifuate mahali pale pale.

Dania hapa Mombasa hukimbilia kutoa maua kwa sababu ya joto, jambo linalowaudhi wapishi. Mimi huiacha ichanue karibu na kunde, kwa kuwa maua yake madogo huwavuta nzi wenye mistari ya manjano wanaoelea hewani, ambao mabuu yao hula vidukari. Mrehani nao husemwa kwamba hufukuza wadudu wa nyanya. Wangu niliupanda kwa ajili ya kikuba, kile kishada cha maua na majani ya kunukia wanachovaa wanawake, na sithubutu kuutegemea kwa kinga.

Mabenda yangali machanga, huatika mchicha katikati ya mistari yake, kwa sababu huwa tayari kuvunwa baada ya wiki tatu au nne, kabla mabenda hayajatanua majani na kuunyima mwanga.