Saa 11 Jioni Ina Wenyewe

Mwanga mzuri wa Dodoma una kisirani kimoja: unakuja saa ileile watoto wana njaa, wamechoka, na wamejaa vumbi mpaka kwenye kope. Saa 11 jioni ukali wa jua umeshakatika, sura za watu zinatulia, na hata hili vumbi letu linaloudhi mchana kutwa linapendeza likimulikwa kutoka nyuma. Kila bibi harusi anaitaka saa hiyo. Kila mhitimu anaitaka. Kitindamimba wangu wa miaka miwili naye anaitaka, tena yeye haombi, analia.

Na giza la huku halina subira. Jua likishazama, kwenye saa 12 na nusu hivi, ukiinama kubadilisha lenzi ukainuka, usiku umeingia. Kwa hiyo tunachouza kwa kweli, mimi na baba watoto kwenye studio yetu ya picha, ni saa moja na nusu ya kila siku. Picha za paspoti, kusafisha picha za kwenye simu, fremu na fotokopi zinalipa pango na umeme. Ada za shule zinatoka kwenye ile saa moja na nusu.

Nimekuwa nikiliwaza jambo hili wiki nzima, maana Novemba imebisha hodi.

Studio aliifungua baba mkwe enzi za filamu, mkanda mmoja picha 36, ukikosea umekula hasara. Bado anakuja karibu kila siku, anakaa kwenye benchi la wateja na kofia yake, anakosoa. Anasema zamani mteja wa Dodoma alikuwa mteja wa asubuhi. Mtu ametoka Hombolo au Mvumi kaja mjini na mahitaji yake, anapiga picha kwanza akiwa bado msafi, ndipo anakwenda sokoni, mchana anarudi kwao. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya serikali huku ni wa 1973, lakini sisi wenye studio tuliuona kwa macho kuanzia 2016, wizara zilipoanza kufungasha kweli, na 2018 tukatangaziwa kuwa jiji. Kazi ikaongezeka, Mungu ashukuriwe. Ila mteja aliyekuja na wizara ni mteja wa jioni. Anatoka ofisini saa 9 na nusu, anawapitia wanawe, wanabadilisha nguo, na saa 11 huyo mlangoni na familia nzima ya sare ya kitenge. Anawahi kuwa na watoto wake saa ileile mimi ninayowaacha wangu. Simlaumu. Ningekuwa yeye ningefanya hivyohivyo.

Watu huuliza, kwani dada wa kazi yuko wapi? Yupo, tena ni msichana mwema kuliko nilivyostahili. Lakini jioni anasoma QT, ule mtihani wa kufuzu wa wanaosoma nje ya shule, na hilo nilimwahidi siku anakuja, mbele ya mama yake. Siwezi kumnyima shule yeye ili nipate ada ya shule ya wangu. Bibi yao akiwepo tunapumua. Baba watoto akiwa hana ukumbi wa kufunga taa tunapokezana. Siku vyote vimegoma, watoto wanakuja kazini, na mteja anapiga picha ya uchumba huku mkubwa wangu akimuuliza bwana kama na yeye anaogopa giza.

Mwingine ataniambia: piga saa 6 mchana, watoto wakiwa shule. Huyo hajawahi kupiga mahafali. Novemba, jua la Dodoma saa 6 na dakika 20 hivi linakaribia kabisa utosini. Kivuli cha mtu kinaishia miguuni pake, macho yanakuwa mashimo, na kofia ya joho yenye ule ubao wake inatia uso mzima kizani. Hapo bado kamera haijaongeza ya kwake. Ikiona joho jeusi limejaa kwenye picha inadhani kuna giza, inaongeza mwanga, mbingu inakuwa karatasi nyeupe. Ikiona shela inafanya kinyume, inapunguza, na bibi harusi mwenye ngozi kama yangu anatoka mweusi kuliko alivyo, halafu mashangazi wanasema mpigapicha hajui kazi. Ndiyo maana mwanga naupima usoni, nguo baadaye. Nikilazimishwa mchana natafuta ukuta mweupe unaopigwa na jua, namsimamisha mtu kivulini akiwa ameuelekea, ukuta unamrudishia mwanga usoni. Inasaidia. Kila nikirudi na kazi ya mchana baba mkwe huinua kofia yake kidogo na kuniambia, "Saa sita ni ya ugali, mama, siyo ya picha."

Lakini nisiwasingizie watoto kwamba wao ni kikwazo tu. Kuna kazi ambayo mtaani kwetu wanatuletea sisi, na wanatuletea kwa sababu mimi ni mzazi: paspoti ya kichanga. Mama anaingia na mtoto wa wiki chache, anataka picha ya hati ya kusafiria, uso umenyooka, macho wazi, mdomo umefungwa, asiwepo mtu mwingine kwenye picha. Studio nyingi humkalisha mama kwenye stuli, wanamfunika shuka, mtoto anashikwa juu ya magoti kama kikombe cha ushindi, kichwa kinalegea, taa inawaka paa, kilio. Mimi nauliza kwanza, amenyonya saa ngapi? Kama hajanyonya, kuna kiti nyuma ya pazia, anyonyeshe, amcheulishe, hakuna anayemkimbiza. Kisha natandika shuka jeupe lililonyooshwa kwenye godoro dogo karibu na dirisha, mtoto analala chali mahali ambapo kivuli hakimwangukii shavuni, nami nasimama juu yake, mkanda wa kamera nimeuzungusha mkononi mara mbili. Flashi sitaki. Mama anakaa upande wa miguu, namwambia aniite mimi jina, asimwite mtoto, kwa sababu akimwita mtoto anageuka kumtafuta. Akiniita mimi, mtoto anatulia kusikiliza sauti anayoijua, na macho yanabaki juu. Sikusomea hilo popote. Nililiona kwa mkubwa wangu nikimbadilisha nepi.

Siku za usaili wa kazi serikalini, mji ukijaa vijana wenye bahasha, foleni inafika barabarani, wote wanataka paspoti na nakala za vyeti. Hapo kichanga akiingia nampitisha mbele na hakuna anayelalamika. Au wanalalamika kimoyomoyo.

Kuna sheria moja ya studio ambayo haina mjadala. Betri bapa zile za rimoti, zinazofanana na shilingi, zinakaa kwenye kopo la kifuniko cha kuzungusha, rafu ya juu kabisa, nzima na zilizokwisha. Mtoto akimeza, ikikwama kooni haingoji, inaweza kuunguza ndani kwa ndani ndani ya saa mbili, hata kama betri imechoka haiwashi kitu. Vifuniko vya lenzi wachezee. Stendi za taa nimezifunga mifuko ya mchanga. Nyaya baba watoto amezibandika sakafuni kwa gundi ya karatasi. Kwa betri zile sina utani, na fundi wetu wa kuediti, ambaye hana mtoto, alidhani nazidisha mpaka nilipomweleza.

Tunapogongana na baba watoto ni kwenye kutumia sura za watoto wetu kujitangazia. Anasema hakuna mfano bora, wanapendeza, ni bure, na mteja akiona familia anajua hawa ni watu wa familia. Ni kweli. Mimi nasema mteja wangu nampa karatasi asaini kabla sijaweka picha ya mwanawe hadharani, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ianze kutumika Mei 2023 hilo ndilo jambo la busara kwa mwenye studio yeyote. Iweje wangu wawe hawana wa kuwasainia kwa kuwa tu mama yao ndiye mwenye kamera? Tumekubaliana nusu: migongo, mikono, mkubwa akikimbia mbali kati ya mibuyu, sura hapana. Ananiambia migongo haiuzi. Nami namwambia mbona ile ya mibuyu ndiyo inayoulizwa kuliko zote. Mibuyu yenyewe ikiwa mitupu, kabla mvua hazijaipa majani.

Kilichoanza kunipa matumaini ni asubuhi. Basi la shule linampitia mkubwa saa 12 kasoro, mdogo anabaki na dada, na jua linatoka saa 12 na dakika chache. Mwanga wa saa 12 na nusu hadi saa 2 ni ndugu wa ule wa jioni, isipokuwa upepo bado umelala na vumbi liko chini, kwa hiyo picha inatoka safi zaidi. Nikaanza na wajawazito. Hao wanaamka mapema wenyewe, na asubuhi miguu haijavimba. Jioni viatu walivyokuja navyo haviingii. Wakafuata wenye vichanga, kwa sababu mtoto aliyeamka vizuri ni mtoto mwingine kabisa na yule wa jioni. Mheshimiwa mmoja kipindi cha bajeti alitaka picha na wageni wake waliotoka jimboni, nikampa saa 1 asubuhi, akaja kabla yangu.

Maharusi ndio mwamba. Bibi harusi wa saa 1 asubuhi maana yake saluni saa 9 usiku, na mpambaji naye ana watoto. Kwa hiyo harusi zimebaki jioni, na sitajidanganya kwamba zitahama.

Sasa Desemba. Mwaka mzima tunasuka ratiba ikakaa, Desemba inakuja kuifumua yote kwa mpigo. Mahafali ya vyuo yameshaanza Novemba na yanaendelea. Harusi zinarundikana kwa sababu ndugu wa Dar na Mwanza wako likizo. Shule zinafungwa, wote wawili wako nyumbani kutwa. Mvua zinaanza, na bibi yao anakwenda Mvumi kupanda uwele na karanga, huwezi kumwambia mtu wa Ugogo mvua imenyesha abaki mjini kulea. Dada anataka kwenda kwao Krismasi, na ni haki yake.

Wazo langu ni kwamba jioni za Desemba ziwe na bei yake, kubwa kuliko ya asubuhi, na siku mbili za wiki jioni tusiuze kabisa. Atakayetaka mwanga huo ajue anaununua kutoka kwa watu wengine wawili wanaoungoja mlangoni na ndala. Baba watoto anaogopa. Anasema Dodoma ya leo kila kona kuna kijana na kamera, wengine hawana hata chumba wala pango la kulipa, tukipandisha tu wamechukua. Baba mkwe tulipomuuliza alisema yeye hakuwahi kuuza saa, aliuza picha, kisha akauliza chai iko wapi.

Karatasi ya bei iko hapa mezani. Asubuhi tumeijaza, ukumbi tumeujaza, albamu tumeziandika kwa ukubwa wake. Kwenye jioni baba watoto ameweka tarakimu kwa penseli, nami nimeifuta nikaweka yangu, kubwa kidogo, naona na yeye ameirudisha yake tena nilipokuwa naogesha watoto. Kamati moja ya harusi imetuma ujumbe kuuliza kama bei ya mwaka jana bado ipo. Nimewaomba wasubiri hadi kesho mchana.