Ufunguo wa kompyuta yako uko kwa nani?

Mtu akiuliza mfumo upi wa kompyuta ni rahisi, jibu analopewa huwa limepimwa dukani: umewasha, umebofya, imefunguka. Kipimo hicho ni cha siku moja. Kompyuta ya duka la kuchapa pale Wandegeya, Kampala, au ya maabara ya shule ya sekondari Mbale, inatumika miaka mitano au sita kwa bando la simu, umeme ukikatika, na mikono kumi tofauti kila siku. Kwa hiyo urahisi wa Windows, na wa Linux, mfumo huru unaoweza kushika nafasi yake, naupima siku mambo yanapoharibika. Siku hiyo nani ana uwezo wa kutengeneza? Mwenye kompyuta, fundi wa mtaani, au kampuni iliyoko ng'ambo?

Nianze na balaa ambalo watu hawalijui mpaka liwafike. Windows 11 Home ikiwashwa mara ya kwanza inataka intaneti na akaunti ya Microsoft. Mteja hana barua pepe, au nywila ameisahau, na fundi ana foleni ya watu. Fundi anaingiza akaunti yake mwenyewe, anamaliza, anakabidhi laptopu. Kwenye mashine nyingi mpya, kuingia kwa akaunti ndiko kunakokamilisha usimbaji wa diski (kuifunga isisomeke bila ufunguo), kimyakimya, na ufunguo wa kuokolea wenye tarakimu 48 unahifadhiwa ndani ya akaunti hiyo. Miezi minane baadaye ubao mama unabadilishwa, au BIOS, programu ya msingi ya ubao huo, inasasishwa, na skrini ya buluu inaomba zile tarakimu. Ziko kwa fundi, na fundi amehama. Hesabu za duka, picha, tasnifu ya mwanafunzi, vyote vimo ndani ya diski nzima isiyo na ubovu hata kidogo, na hakuna wa kuifungua.

Kusimba diski ni jambo jema, maana laptopu huibwa. Ubaya ni kufungiwa mlango na mtu ambaye hakukuonyesha ufunguo. Basi leo hii bofya menyu ya Start kwa kitufe cha kulia cha kipanya, fungua Terminal kama msimamizi, uandike:

manage-bde -status C:

Ikikuambia diski imesimbwa, endelea na hii:

manage-bde -protectors -get C:

Tarakimu 48 zitatokea chini ya maneno Numerical Password. Ziandike kwenye karatasi mbili, na hata moja isikae ndani ya mkoba wa laptopu yenyewe. Kisha angalia katika mipangilio akaunti iliyoingia ni ya nani.

Kwenye Linux utaulizwa wakati wa kusakinisha kama unataka kusimba, na nywila unaitunga wewe. Uhuru huo una uzito wake: ukiisahau, hakuna nakala popote duniani. Dawa ni kuongeza nywila ya pili mapema, kwa amri sudo cryptsetup luksAddKey ikifuatwa na jina la sehemu ya diski, kwa mfano /dev/sda3. Jina sahihi utalipata kwa lsblk -f, kwenye mstari ulioandikwa crypto_LUKS. Nywila hiyo ya pili iende kwenye bahasha, iwekwe pamoja na hati ya kiwanja.

Lugha yetu hapa inatusaidia kuliko Kiingereza, ambacho neno lake free hubeba maana mbili. Sisi tuna bure na tuna huru, na hakuna anayezichanganya. Richard Stallman, mwanaprogramu Mmarekani, alipotangaza mwaka 1983 mradi wa GNU wa kuunda mfumo mzima wa kompyuta ulio huru, alichokuwa anadai ni huru: uendeshe programu kwa kazi yoyote, uchunguze msimbo wake na kuubadilisha, umpe jirani nakala, na usambaze ulichobadilisha. Kiini (kernel) cha Linux alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 1991 kikaja kukamilisha kazi hiyo. Windows iliyovunjwa kufuli, ile inayowekwa madukani kwa elfu chache, ni bure bila kuwa huru. Tena vile viprogramu vya kuiamsha mara nyingi hutaka kwanza uzime kinga ya virusi. Umempa mtu usiyemjua funguo za nyumba nzima, na programu yenyewe bado si yako.

Haki ya kumpa jirani nakala wengi huiona kama maneno ya wanaharakati. Kwa bando la Uganda, ambalo tangu Julai 2021 lina ushuru wa asilimia 12, haki hiyo ni pesa taslimu. Chukua maabara yenye kompyuta 20 za Linux ya aina ya Ubuntu, kila moja ikihitaji megabaiti 600 za masasisho. Zote zikipakua zenyewe, ni gigabaiti 12. Sasa sakinisha apt-cacher-ng, programu inayotunza nakala za vifurushi vilivyopakuliwa, kwenye kompyuta moja tu, ipe anwani isiyobadilika, tuseme 192.168.1.10, halafu kwenye zote 20, hiyo yenyewe ikiwemo, tengeneza faili /etc/apt/apt.conf.d/00proxy lenye mstari mmoja:

Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";

Ya kwanza inapakua, zilizobaki zinachota kwake kupitia waya wa ndani, na bando linaliwa mara moja. Panapokwama ni pawili. Hazina za programu zenye anwani za https hazihifadhiwi na mashine hiyo, kwa hiyo hazina kuu ziache kwenye http. Usalama haupungui, kwa sababu orodha za vifurushi zina saini ya kidijitali inayohakikiwa kabla ya kusakinisha. La pili, mashine hiyo ikizimwa, zile 19 nyingine zitalalamika kwamba hazifiki popote. Mwalimu wa maabara aliandike hilo ukutani. Windows nayo ina njia ya kugawana masasisho kwenye mtandao wa ndani, inaitwa Delivery Optimization, na inafaa kuwashwa. Tofauti ni kwamba uamuzi wa kipi kishuke na lini kwa sehemu kubwa si wako, labda kwa kuutia mtandao alama ya kuwa unalipiwa kwa kipimo. Alama hiyo hushikamana na jina la mtandao. Ukibadilisha jina la hotspot ya simu, Windows inauona mtandao mpya, na bando linaondoka usiku.

Lakini programu kuwa huria, yaani huru kwa maana hiyo, haimaanishi kwamba mfumo utakuonea huruma. Ubuntu ni huria, na snap zake, yaani vifurushi vyake vya programu, hutafuta na kupakua masasisho zenyewe mara kadhaa kwa siku mpaka uzizuie kwa sudo snap refresh --hold. Ndiyo sababu mtu anayeanza namshauri Linux Mint, ambayo tangu toleo la 20 la mwaka 2020 haiji na snap. Kwenye Mint, ngao ndogo iliyo kona ya chini inakuonyesha kila sasisho, kisanduku cha kulikataa, na jumla ya ukubwa wa uliyoyachagua. Angalia jambo moja tu: duka la programu la Mint huweza kukupa programu ileile kwa namna mbili, kifurushi cha mfumo na Flatpak, kifurushi kinachojitegemea. Chagua cha mfumo. Flatpak ya kwanza huburuta msingi wake wenye mamia ya megabaiti, na kijana aliyetaka kichezeshi cha muziki anashangaa bando la siku limekwenda wapi.

Umeme ukikatika katikati ya masasisho, Windows ina sifa yake na nitaitoa: mara nyingi hujirudisha yenyewe ilikokuwa, hata ikichukua saa nzima. Mint na ndugu zake wa Debian huachia kazi nusu njia. Ila ujumbe utakaouona unakutajia dawa yenyewe, neno kwa neno:

sudo dpkg --configure -a

Ikimaliza, fuatisha sudo apt -f install. Kompyuta isipofika kabisa kwenye eneo-kazi, washa ukibonyeza Esc au ukishikilia Shift mpaka menyu ya GRUB itokee, ingia kwenye chaguo za ziada, na uchague kiini cha zamani. Kile kipya huenda ndicho kilichokatwa katikati. Timeshift, programu inayotunza nakala za mfumo, pia iwe imewashwa tangu siku ya kwanza, na ibaki na nakala mbili za wiki tu. Ukiiachia itunze za kila siku kwenye diski ndogo, inajaa, na kompyuta yenye diski iliyojaa pomoni inaweza kukataa hata kukuingiza.

Virusi vya flashi ndivyo ningependa kila mwenye duka la kuchapa avielewe. Mteja anachomeka flashi, na badala ya makabrasha yake anaona mikato (shortcut) tupu yenye majina yaleyale. Anadhani kazi imepotea, na wapo wanaomshauri aifute flashi yote. Hapana! Makabrasha yapo, yamefichwa tu kwa alama ya Windows, na mara nyingine yamesukumwa ndani ya kabrasha moja ambalo jina lake ni nafasi tupu. Chomeka flashi hiyo kwenye Linux: alama ile ya kuficha haizingatiwi, kila kitu kinaonekana, na ile mikato inabaki mafaili madogo ya .lnk yasiyoweza kufanya lolote. Futa .lnk zote, na chochote chenye .vbs au .js ambacho mteja hakitambui, kisha hamisha kazi yake nje ya kabrasha lisilo na jina. Kama una Windows pekee na flashi iko E, fungua kidirisha cha amri uandike:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Kompyuta moja ya zamani yenye Mint, imekaa kando ya fotokopi kwa kazi ya kupokea flashi tu, inalinda duka zima.

Na kompyuta za zamani tunazo tele. Windows 10 iliachwa bila masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa Intel, kichakato cha kizazi cha nane kwenda mbele, isipokuwa vichache. ThinkPad T450 au EliteBook 840 G3, laptopu imara zinazouzwa sana kama mitumba, hazimo kwenye orodha hiyo. Mint 22 inaendesha zote mbili vizuri ukiwa na RAM ya gigabaiti 4, na 8 ni raha kabisa. Tumia flashi ya gigabaiti 8, hakiki faili la ISO, lile lenye mfumo mzima ulilopakua, kwa sha256sum kabla ya kuliandika, na uiwashe kompyuta kutoka kwenye flashi bila kusakinisha chochote. Hapo jaribu Wi-Fi, sauti, kulala na kuamka, na printa. Wi-Fi ya Broadcom ikikataa, unganisha simu kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti, na kisakinishi cha viendeshi kitakipata kiendeshi cha chipu hiyo kupitia simu. Diski ikiwa haionekani kabisa, ingia BIOS uangalie kama imewekwa RAID au RST, inatakiwa AHCI. Lakini kama Windows bado inahitajika humo, usibadilishe kabla hujaiandaa kwa kuiwasha katika hali salama, la sivyo haitawaka tena.

Yapo ambayo Linux haitakufanyia, na kuyaficha ni kumdanganya mtu. Karatasi za Excel zenye makro nzito (amri zinazojiendesha ndani yake) hazifanyi kazi sawasawa kwenye LibreOffice, programu ya ofisi ya Linux. Programu za uhasibu zilizotengenezwa kwa Windows pekee zitabaki huko. Printa za HP LaserJet kama P1102 zinahitaji kiongezi kinachopakuliwa kwa amri hp-plugin, kwa hiyo kiweke ukiwa na bando. Barua iliyoandikwa kwa Calibri inaweza kuvunjika kurasa mpaka usakinishe fonti za Carlito na Caladea, zenye vipimo sawa na Calibri na Cambria. Ofisi ikiishi kwa makro, ibaki na Windows yenye leseni halali.

Simu ndipo panaponisikitisha zaidi. Android imejengwa juu ya kiini cha Linux, kwa hiyo kwenye karatasi mamilioni ya watu wameshika programu huria mkononi. Lakini kianzishi cha simu (bootloader, programu inayouwasha mfumo) mara nyingi kimefungwa kwa kufuli, na simu nyingi za bei nafuu hupata masasisho kwa muda mfupi kisha zinaachwa. Msimbo upo, ruhusa ipo, mlango umefungwa. Kabla ya kununua, uliza kama modeli hiyo kianzishi chake kinafunguka.

Kwa wanaotaka menyu kwa Kiswahili: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, kazi iliyowezekana kwa sababu hakuna aliyepaswa kuombwa ruhusa ya kutafsiri. Leo kwenye orodha ya lugha ya Mint utakuta sw_KE na sw_TZ za Kiswahili cha Kenya na Tanzania, na lg_UG ya Kiganda. Tafsiri hazijakamilika, utachanganyikiwa kidogo na Kiingereza. Weka lugha peke yake na eneo peke yake, vinginevyo hesabu zako za shilingi ya Uganda zitatokea na alama ya Kenya au Tanzania. Na ukiwa na Windows na Linux kwenye mashine moja, usishangae saa ikipotea kwa saa tatu kamili. Windows huandika saa ya hapa kwenye ubao, Linux huandika saa ya Greenwich, na sisi tuko mbele kwa tatu. Amri timedatectl set-local-rtc 1 inazipatanisha. Kosa likiwa la miaka badala ya saa tatu, na tovuti zote zinadai cheti si halali, badilisha betri ya CR2032.