Mashine ya drams au mpiga drams: tulivyoamua kwenye bendi yetu

Mpiga drams wetu alipopata mkataba wa kupiga hotelini Muscat, tulibaki waimbaji wawili, gitaa la solo, kinanda, tumba, na mimi kwenye besi. Tunapiga muziki wa dansi Dar es Salaam, baa mwisho wa wiki, katikati ya wiki sendofu na harusi zikipatikana. Kuna sherehe tulikuwa tumeshachukua adivansi, kwa hiyo bendi haikuweza kusimama. Mpiga kinanda akaleta Alesis SR-16, mashine ndogo ya drams iliyoanza kuuzwa mwaka 1990, na kuanzia hapo swali likawa wazi: tubaki nayo, au tutafute mtu?

Kwa upande wa pesa, mashine ilishinda. Chukua sherehe ya shilingi 800,000. Toa kirikuu cha kubeba vyombo, toa fundi mitambo, toa nauli za usiku. Kinachobaki kinagawanywa kwa vichwa, na kichwa kimoja kikipungua kila mtu anakiona mfukoni. Seti ya drams peke yake inakula nusu ya kirikuu na inataka maikrofoni zake. Mashine inakaa kwenye begi, unaichomeka kwenye miksa, umemaliza. Tena kumbi nyingi tunazopiga zina vigae chini na kioo pembeni, snea, ile ngoma yenye mlio mkali, ikipigwa inarudi mara mbili, na wazazi wa bibi harusi wamekaa hatua chache kutoka jukwaani. Mashine unaipunguza sauti kwa kidole.

Sikubaliani kabisa na wanaosema mashine si muziki. Taarab ya kisasa imetembea na midundo ya kinanda miaka mingi na akina mama wanacheza mpaka kunakucha. Singeli nzima imejengwa kwenye kompyuta, kwa kasi inayopita mapigo 200 kwa dakika. Hata kwenye dansi yetu kuna sehemu mashine ilikaa vizuri mno. Yale mapigo ya kavacha yaliyovuma miaka ya 1970 kutoka Kinshasa na Zaiko Langa Langa ni duara fupi linalojirudia. Niliyaingiza kwenye mashine na besi yangu ikatulia juu yake kuliko ilivyokuwa siku nyingi.

Shida ilianza kwenye midundo yetu ya ngoma. Chakacha na mdundiko hazihesabiwi nne nne, zinatembea kwa tatu tatu. Mashine ina tabia ya kusogeza kila pigo unaloingiza kwenye nafasi iliyo karibu, na ikiwa imepangwa kugawa duara kwa kumi na sita inakuvurugia mdundo wote. Nilibadilisha mgawanyo uwe wa tatu, mapigo yakakaa mahali pake. Lakini mpiga tumba wetu, mzee aliyepiga dansi tangu nikiwa shuleni, hapigi hasa pale mstari ulipo. Anachelewesha kidogo pigo la mwisho, na huo ucheleweshaji ndio unaowainua watu kwenye viti. Siku moja mazoezini aliweka mikono mapajani akaniuliza:

“Mwanangu, mimi hapa napiga na nani? Nikimvuta haji, nikimsubiri hanisubiri.”

Sikuwa na la kumjibu, maana alichosema ndicho nilichokuwa nakisikia na mimi. Kwenye dansi, tumba na drams ni mazungumzo. Bendi zetu kubwa zimejulikana kwa mitindo yenye majina ya ngoma: Msondo, ambayo mizizi yake ni NUTA Jazz ya mwaka 1964, na Mlimani Park, iliyoanza 1978, na Sikinde yao. Ukitaka kujua bendi ina mtindo wake au haina, sikiliza mpiga tumba na mpiga drams wake.

Kilichonifanya niamue, hata hivyo, ni chemko, ile sehemu ya wimbo inayochangamka baada ya mashairi, watu wakicheza. Wimbo ukiwa bado kwenye mashairi, mashine haina tatizo, kwa sababu kila mtu anajua beti zinaishia wapi. Chemko haina mwisho unaojulikana. Watu wakija kutuza, mwimbaji anarefusha. Wakirudi kwenye viti, anakata. Nilikuwa na swichi ya mguu kwenye mashine, ile unayoibonyeza ili ipige mbwembwe za kuvukia kisha iingie mdundo wa pili. Inafanya kazi, ila mdundo mpya unaingia duara likiisha, si kabla. Mnenguaji akikata kiuno kwenye pigo la tatu, mpiga drams aliye hai anampigia simbali palepale. Mashine inamalizia duara lake kwanza, na yeye ameshabaki na mkono hewani peke yake. Ukumbi mzima unaona.

Halafu kuna umeme. Ukikatika katikati ya chemko, drams na tumba haziulizi. Waimbaji wanaimba bila maikrofoni, watu wanaitikia, jenereta inawashwa, gitaa zinarudi juu ya mdundo ambao haukusimama. Usiku ule tuliokuwa na mashine, umeme ulipokatika tulibaki na tumba pekee, na mzee wa watu alijitahidi sana, lakini wachezaji walikaa.

Basi tukatafuta mtu. Vijana wengi wanaojua drams mjini hapa wamelelewa na kwaya za makanisani, na huko ndiko nilikoulizia. Wote walikuja na mbwembwe, wanazunguka tomu zote. Mimi nilichotaka ni utulivu, na mashine ndiyo iliyonisaidia kuupima. Niliiwasha kwa mwendo wa polepole, nikamwambia kijana apige nayo pamoja. Akishazoea, nazima sauti ya mashine bila kuisimamisha, yeye anaendelea peke yake kwa mizunguko minane, kisha narudisha sauti. Aliyebaki pamoja nayo anajua kushika mwendo. Wengi walikuwa wameshaitangulia. Tuliyemchukua alikuwa nayo sawasawa, na nilipomwita mzee wa tumba wapige wawili bila mashine, kijana alikuwa anamwangalia mikono muda wote. Hapo nikajua tumepata.

Kuhusu mzigo na kelele, tulipatana apige seti ndogo: ngoma ya mguu, snea, haiheti, tomu moja na simbali moja. Kumbi zenye vigae anatumia vijiti vyembamba vilivyofungwa pamoja, vinavyopunguza makali ya snea bila kuua mdundo. Alianza kama deiwaka, analipwa kwa usiku, mpaka alipojua nyimbo zote; sasa ana mgao sawa na wengine. Mgao wa kila mtu umepungua kidogo, hilo ni kweli, ila mialiko ya kurudi ukumbi uleule imeongezeka, na watu wanatuza tena kwenye chemko.

Mashine hatukuiuza. Nyimbo za Bongo Fleva tunazokopi zinahitaji milio ya kompyuta ambayo drams haiwezi kuitoa, kwa hiyo inakaa kando ya haiheti na swichi yake iko karibu na mguu wa kushoto wa yule kijana. Anaiwasha yeye, anaikata yeye, akimwangalia mwimbaji.