Weusi wa shingo hautoki kwa dodoki

Jumapili, usiku

Kinachonikaa kichwani leo ni shingo. Ule weusi mzito, laini kama mahameli, unaotokea kwenye mikunjo ya shingo na kwapani, ambao binti huambiwa ni uchafu. Anasugua kwa dodoki na ndimu mpaka anachubuka. Wengine wanahamia kwenye mkorogo. Hautoki, kwa sababu haukuingia kutoka nje. Ni insulini iliyozidi mwilini inayoichochea ngozi ijijenge kupita kiasi.

Ukiuona kwa msichana ambaye siku zake huruka miezi miwili mitatu, mwenye chunusi sugu na ndevu kidevuni, fikiria PCOS, ile hali ya ovari ambapo homoni za kiume huzidi na yai halipevuki vizuri, na papo hapo fikiria sukari. Misuli na ini vikiwa vizito kuitikia insulini, kongosho hutoa nyingi zaidi ili sukari isipande. Ovari zenyewe bado zinaisikia. Ile ya ziada inazisukuma zitengeneze homoni za kiume, huku ini likipunguza protini inayozishika homoni hizo kwenye damu. Yai halipevuki. Kongosho likija kuchoka, sukari inapanda, na watu wanasema kisukari kimemwanza ghafla. Ghafla gani?

Ndiyo maana sukari ya kidole ya asubuhi ikisoma 5.2 mmol/l, namba nzuri, haitoshi kumruhusu mtu aende zake. Hujui kongosho limetoka jasho kiasi gani kuipata hiyo 5.2. Na wembamba si kinga.

Kipimo cha kuomba ni kile cha kunywa glukosi. Siku tatu kabla yake ale wanga kama kawaida. Aliyejinyima ugali wiki nzima anaweza kupata majibu ya juu bure. Afunge muda wa saa 8 hadi 14, maji tu. Chai yenye sukari "kidogo" inaharibu kila kitu. Inatolewa damu ya kwanza, kisha anakunywa gramu 75 za glukosi ndani ya mililita 250 hadi 300 za maji, amalize kwa dakika 5. Saa mbili zinahesabiwa tangu funda la kwanza, naye akae kitako: asizunguke sokoni, asivute sigara. Akitapika, arudi siku nyingine. Maabara nayo ina makosa yake: damu ikiachwa mezani muda mrefu, seli zinaendelea kuila sukari na majibu yanashuka kwa uongo.

Baada ya saa mbili, 7.8 hadi 11.0 mmol/l ni hatua ya kabla ya kisukari, 11.1 kwenda juu ni kisukari, ila asiye na dalili hupimwa tena kuthibitisha. HbA1c, kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu, ni rahisi zaidi, lakini kwa mwenye selimundu inaweza kusoma chini, na upungufu wa madini ya chuma unaweza kuipandisha. Majibu yakiwa mazuri, kipimo kirudiwe kila baada ya mwaka 1 hadi 3.

Metformini, dawa inayosaidia mwili kuitikia insulini, huanza na miligramu 500 pamoja na chakula, ikiongezwa polepole kila wiki moja au mbili. Ikikimbizwa, tumbo linaharisha na vidonge vinaishia kabatini. Lisilosemwa dirishani pa dawa ni kwamba yai linaweza kuanza tena kupevuka, na mimba ikaingia hata kabla ya hedhi kuonekana. Asiyetaka mtoto apange uzazi tangu kidonge cha kwanza. Aliyeshika mimba anywe glukosi tena kati ya wiki ya 24 na 28, hata kama ya mwanzo ilikuwa safi.