Nilivyomwonyesha Mama filamu bubu ya Piccadilly

Nilishauriwa vibaya, na hadi leo inaniuma. Mama alipokuja kunitembelea London nilitaka tuangalie pamoja Piccadilly ya mwaka 1929, filamu bubu ninayoipenda kuliko zote. Rafiki akaniambia, "Mtafutie ile yenye sauti, la sivyo atalala."

Nikaihangaikia mpaka nikaipata. Kumbe maongezi yenyewe ni ya dakika chache tu, yamebandikwa mwanzoni baada ya filamu kuwa tayari, kwa sababu watu walishaanza kutaka sinema za kuongea. Wanaume wawili wanazungumza, halafu hadithi inaendelea bubu vilevile, muziki tu nyuma yake. Mama akasubiri waongee tena. Akasubiri weee, akasinzia.

Kesho yake nikaweka toleo bubu lililofanyiwa ukarabati na BFI, taasisi ya filamu ya Uingereza. Nako nikaharibu: nilisoma kila maandishi yanayotokea kati ya picha, nikaeleza, nikaendelea kueleza hata picha zikiwa zimerudi. "Mwanangu, hebu nyamaza nione," akasema.

Hapo ndipo nilipopata njia. Maandishi yakitokea nayasema kwa Kiswahili, sentensi moja fupi, na yakiwa marefu nasimamisha kwanza. Uso wa mtu ukirudi, nafunga mdomo. Usijaribu kueleza nyuso katika filamu ya Dupont. Muongozaji yule alijua kamera inatosha.

Mama aliuza chakula miaka mingi, kwa hiyo Charles Laughton, anayeigiza mteja wa klabu, alipoanza kufoka kwa ajili ya sahani yenye doa, alikaa wima. Mwenye klabu anashuka kunakooshewa vyombo, anamkuta Shosho, mwosha vyombo anayeigizwa na Anna May Wong, anacheza juu ya meza, soksi imechanika, wenzake wameacha kazi wanamtazama. "Huyo leo hana kazi," Mama akasema. Na kweli akafukuzwa! Kwenye majina ya waigizaji ametangulizwa Gilda Gray, lakini kuanzia pale Mama hakumwangalia mwingine ila Anna May Wong.

Kisha ikaja baa ya Limehouse, mtaa wa mashariki mwa London. Mwanamke Mzungu anacheza na mwanamume mweusi, mwenye baa anawasimamisha, na Shosho ameketi na yule mwenye klabu, naye Mzungu, wanaona yote. Nilikuwa na tafsiri mdomoni, nikaimeza.

"Rudisha nyuma," Mama akasema. Tulikitazama kipande kile mara tatu.