Njiti kumi na moja

Jumamosi ya juzi nilikuwa mnadani Msalato hapa Dodoma, nimekaa kwenye benchi nasubiri nyama, nikatoa siga yangu, ile nene ya majani ya tumbaku yaliyosokotwa, nikasema leo ngoja nianze raha mapema, basi njiti kumi na moja zimeisha na siga iko vilevile, upande mmoja nyeusi kama hindi lililosahaulika jikoni, upande wa pili nzima haijaguswa. Jamaa anayechoma nyama alikuwa ananiangalia tu, mwisho uvumilivu ukamshinda.

"Kaka, hiyo sigara yako imelowa?"

Nikamwambia haijalowa, upepo tu, na siyo sigara hii, ni siga. Akacheka akageuza mbuzi wake. Kwake yeye hapo nimepunguza herufi tu, basi.

Wenyeji wa Dodoma hamhitaji kuelezwa upepo wa mwezi wa saba. Huo unaoanza saa nne saa tano hivi asubuhi na mavumbi yake, unafunga milango yenyewe, nguo ulizoanika unaenda kuziokota kwa jirani. Mimi nilihamia huku na kazi 2019 kutoka Dar, na kule ndo shemeji yangu alinifundisha siga, tunakaa kibarazani jioni, hewa nzito ya bahari, unawasha kiberiti unaongea nacho kabisa hakizimiki. Nilivyofika huku nikadhani mambo ni yaleyale.

Kitu cha kwanza nilichojifunza wala siyo moto, ni ukavu. Siga inataka unyevu wa kama asilimia 65 mpaka 70 hivi. Dar ukiiacha kwenye droo inakuwa laini, shida yake ni ukungu. Dodoma ukiiacha wiki mbili jani la nje linapasuka kama kisigino. Na siga kavu inashika moto haraka, unafurahi, halafu inaungua kwa pupa, moshi wa moto, ulimi unachonyota. Sasa hivi zangu nazitunza kwenye hotpoti ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, na kile kipakiti cha kutunza unyevu ambacho shemeji ananitumia. Mama watoto anaitafuta hiyo hotpoti mwaka wa pili huu, naomba msimwambie.

Haya, moto sasa.

Nilianza na laita ya petroli, zile za chuma za kufunua kifuniko kwa mbwembwe kama kwenye sinema. Upepo inauweza, hilo nakubali. Ila ile harufu ya mafuta inaingia kwenye tumbaku na haitoki, nusu nzima ya siga unahisi uko gereji. Niliitumia mara mbili nikampa kijana wa boda. Mshumaa nao siku umeme umekatika nilijaribu, nta inanuka, usihangaike.

Jiko la gesi pia nimejaribu, ndiyo. Usiku, watu wamelala, nimeinama juu ya plate na siga mdomoni kama mtu anayetaka kulibusu jiko. Nilipoteza nusu ya nyusi ya kulia. Kosa lenyewe halikuwa jiko hata, kosa ni siga kuwa mdomoni, maana hapo ndo wengi tunapokosea, tunawasha siga kama tunavyowasha sigara: mdomoni, moto, vuta. Sigara ina karatasi, inashika sekunde moja. Siga ni majani matupu, kuna ya ndani, kuna lile linaloyafunga na kuna la nje, na kila moja lina tabia yake ya kuungua. Ukivuta moto kwa nguvu mwanzoni katikati kunashika peke yake ukingo unabaki, au unashika upande mmoja tu ndo unapata ile kitu yangu ya mnadani.

Kwa hiyo shemeji anasema ichome kwanza kama unavyochoma muhogo, taratibu. Ishike mkononi, ilaze mshazari kidogo juu ya moto, moto usiiguse, sentimita mbili tatu hivi kwa chini, unazungusha tu, unazungusha, mpaka mduara wote wa ncha unakuwa mweusi na ukingo unaanza wekundu. Hapo ndo inaenda mdomoni, unavuta kidogokidogo huku bado unazungusha. Ukimaliza igeuze ipulizie ile ncha, utaona wekundu unang'aa. Kama kuna sehemu ina giza, hiyo ndo unairudia na siyo zote. Wala huo moshi haumezwi, unakaa mdomoni unatoka. (Shangazi zangu msinipigie, najua hata usipomeza saratani ya mdomo na koo ipo palepale. Navuta mbili kwa mwezi, na siyo mbele ya watoto.)

Sasa hiyo kazi ya kuchoma inachukua nusu dakika au zaidi, na hapo ndo kiberiti chetu kinapoonyesha umaskini wake. Vijiti vyetu vifupi, vyembamba, sekunde kumi na kidogo moto umefika kwenye kucha. Na usiuweke kwenye siga saa ileile ulipokwaruza, kile kichwa kina salfa, subiri kiishe kiungue mpaka moto ushuke kwenye mti mtupu, ambayo ina maana umeshapoteza robo ya njiti kabla ya kuanza. Mimi nachukua mbili kwa pamoja, nazishikanisha. Bila upepo njiti sita zinatosha na kusema kweli hakuna moto mtamu kama huo, mpole, una joto la wastani, hauachi ladha. Mwezi wa pili mvua zikiwepo na upepo umetulia natumia kiberiti tu, sitaki kitu kingine.

Shemeji yeye ana makuu zaidi. Siga za boksi huwa zinakuja na vipande vyembamba vya mti vya kuzitenganisha, yeye anavichana kwa kisu vijiti virefu, anawasha kijiti halafu kijiti ndo kinawasha siga. Wanauita mwerezi lakini siyo ule wa kwenye Biblia, huu ni Cedrela odorata, uko ukoo mmoja na mkangazi na hata hapa Tanzania unapandwa. Unanukia kama kabati jipya. Ni kitu kizuri sana ukiwa na baraza lenye ukuta pande tatu na huna haraka ya maisha. Nilijaribu nyumbani kwangu Ilazo, kijiti kikazima mara nne, ya tano cheche zikaruka kwenye fulana.

Ndo nikanunua laita ya gesi ile ya mpulizo, inayotoa moto wa bluu kama ya mafundi friji, na hii ndo upepo wa hapa unaiheshimu. Ila jamani ni kali. Ule moto unapita digrii elfu moja na ukiuleta karibu unachoma siga kuwa mkaa, na mkaa ladha yake ni uchungu mpaka mwisho. Kwa hiyo iweke mbali, mbali kuliko unavyodhani, ile ncha ya bluu usiilete kwenye jani kabisa, joto la mbele yake tu linatosha. Na kama siga yako imekauka ongeza umbali tena. Mimi nilichukua kama miezi mitatu kuzoea. Pia ukiijaza gesi toa kwanza hewa iliyobaki, bonyeza ile vali kwa bisibisi ndogo mpaka ikae kimya, la sivyo inakohoa. Na ukisafiri kwa ndege iache nyumbani, hizo hawaruhusu, shemeji alinyang'anywa ya bei mbaya huku anaangalia.

Jirani yangu mzee mmoja, alilima tumbaku Urambo, Tabora, miaka mingi, alinikuta siku moja nazungusha laita akauliza kwa nini nahangaika na majani ya watu wakati Tabora ipo. Nikamsalimia kwanza, shikamoo, marahaba, akakaa. Yeye mwenyewe akanipa jibu baadaye alipoishika akainusa: ile yao inakaushwa kwa joto la moto kwenye bani, kile kibanda cha kukaushia tumbaku, siku chache, ya sigara hiyo, na hii ni ya kukaushwa kwa hewa halafu inavundikwa miezi. "Hii haijapikwa," akasema, "hii imeachwa." Akaniambia kiko chao walikuwa wanawasha kwa kaa la moto, kwisha habari, hakuna upepo wa kuzima kaa, upepo unalichochea. Nikaona maneno ya wazee haya.

Basi Jumamosi iliyopita nimerudi Msalato na laita yangu ya mpulizo, nimejipanga, nimegeuzia upepo mgongo, dakika moja siga imewaka mduara mzima. Yule jamaa wa nyama akaja kuangalia. Akaiomba ile laita, mkaa wa mzigo wa pili unamsumbua. Nikampa, naona aibu kumnyima. Akabonyeza akashikilia, moto unanguruma chini ya mkaa, anacheka, "Kaka hii mashine!" watu wanageuka. Akanirudishia ya moto na nyepesi. Mimi kwa kuongea na watu siga ikazima, nikabonyeza, tsss, gesi kwisha.

Nikamwangalia. Akaniangalia. Akachukua koleo akachagua kaa moja jekundu, akalipuliza majivu, akanisogezea kwa heshima zote.

Ikawaka. Ladha ya mafuta ya mbuzi kwa mbali, lakini ikawaka.